Siku Gani Hasa Mlioana?
Hotuba kwa wachumba, wazazi na wazee katika ukumbi wa mtaa, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, wachumba mlioketi huku mbele na mliosimama pale mlangoni, hamjambo.

Mkiniruhusu, nianze na swali ambalo ofisi ya Msajili wa Ndoa huuliza na ambalo watu wengi hulijibu vibaya: siku gani hasa mlioana? Katika jiji hili mtu anaweza kuwa na majibu matatu, na yote matatu akayaamini. Kuna siku wazee walipochinja mbuzi kule kwa wakwe. Kuna siku kasisi alipowabariki. Kuna siku mlipotia sahihi kwa AG, yaani ofisi ya Mwanasheria Mkuu, pale Sheria House, Harambee Avenue. Mume na mke wakiishi kwa amani, haijalishi ni siku ipi. Mmoja akifa, au akija mtu wa tatu akidai naye ni mke, siku hiyo ndiyo itakayoulizwa mahakamani.

Chini ya swali hilo kuna hitilafu kubwa ya mawazo. Watu hawakubaliani ndoa ni kitu gani. Wapo wanaoamini ni uhusiano wa koo mbili, na maharusi ni daraja tu. Wapo wanaoamini ni agano mbele za Mungu. Wapo wanaoiona kuwa mapatano ya watu wawili yanayoshuhudiwa na serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikujaribu kumaliza ubishi huo. Ilifuta sheria saba za zamani, ikaweka paa moja juu ya aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi sawa kisheria. Ndoa ya kimila haina upungufu wowote mbele ya ile ya kanisani, ingawa kwenye vikao vya kamati za harusi bado tunawasikia watu wakisema, "Hao hawajaoana, walipeleka mbuzi tu."

Tuanze basi na hao mbuzi.

Katika mila nyingi za Kenya ndoa haifungwi kwa tukio moja. Hujengwa hatua kwa hatua, na kila jamii ina hatua moja ambayo isipofanyika, nyingine zote hubaki kuwa uchumba. Kwa Wakikuyu mnakwenda kwanza kuujua mji wa binti. Baadaye mnapanda tawi, kuhanda ithigi, mkipeleka mwati na harika, yaani kondoo mchanga jike na mbuzi mchanga jike, kuonyesha kwamba binti ameshaposwa. Kisha inafuata ruracio, yaani mahari, ambayo wenyewe husema haimaliziki. Ila hatua inayofunga ni ngurario: mnyama anachinjwa, bwana harusi anakata bega na kumlisha mkewe mbele ya koo zote mbili. Mahakama zetu zimeshikilia hilo kwa miongo mingi. Familia ikipeleka mamilioni lakini ngurario haikufanywa, wakili wa upande wa pili atasimama aseme hapakuwa na ndoa, na mara nyingi atasikilizwa. Kwa Wakamba wanaoulizwa ni mbuzi wa ntheo. Kwa Waluo kuna ayie, zawadi ya kumridhisha mama, kisha ng'ombe wa mahari.

Hapa ndipo vijana wa Nairobi wanapojikwaa. Mnakodisha hema, mnavaa sare za kitenge, mpiga picha anarusha droni, na shughuli nzima mnaiita ruracio. Mgeni akiuliza kilichofanyika siku hiyo, hakuna ajuaye kama kilikuwa kujitambulisha, mahari au ngurario, kwa kuwa mshereheshaji alivichanganya vyote mchana mmoja ili watu wale mapema. Muulizeni mshenga wenu kabla ya siku yenyewe: leo tunafanya hatua gani, na je, ni hiyo inayofunga? Andikeni jibu lake mahali, pamoja na tarehe.

Kuhusu kiasi cha mahari, sheria ni nyepesi kuliko wazee. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mahali ambapo mahari ni sharti la kuthibitisha ndoa ya kimila, kutoa sehemu ndogo kama ishara kunatosha. Kwa hiyo deni la ng'ombe halifanyi ndoa iwe batili. Vilevile mkwe hawezi kumrudisha binti yake kwa sababu mbuzi wawili hawajafika, akadhani ameivunja. Ndoa ya kimila ikishakamilika, upatanisho wa wazee unaruhusiwa kabisa kwanza, na ni jambo jema, lakini kuivunja ni kazi ya mahakama.

Mtazamo huu wa ukoo una mambo yanayowashangaza walioizoea ndoa ya watu wawili. Kwa Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwingine kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa na huyo mke wawe warithi wa nyumba yake. Lengo lilikuwa nyumba isizimike. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Anayeshikilia kuwa msingi wa ndoa ni mapenzi ya wawili ataona hilo halieleweki. Anayeshikilia kuwa ndoa ni kuendeleza nyumba haoni tatizo lolote.

Na kifo? Kwa mtazamo wa ukoo, kifo hakimtoi mke katika mji. Ndiyo maana desturi kama tero ya Waluo ilikuwepo, ndugu wa marehemu akimchukua mjane. Sheria ya 2014 inasema wazi kwamba mjane anaweza kuolewa tena akitaka, na anaweza pia kukataa kuolewa. Chaguo ni lake.

Jiji hili liliwahi kuutazama mgongano huo kwa miezi mitano mfululizo. Wakili S. M. Otieno, Mluo, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Walikuwa wameoana kwa sheria mwaka 1963, ndoa ya mke mmoja, na wameishi Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulidai mwili uende Nyalgunga, Siaya. Tazameni hoja zenyewe. Upande wa mjane ulisema ndoa yetu ilimtoa mume wangu chini ya mila, mimi ndiye wa karibu naye kuliko wote. Ukoo ulisema mtu huzaliwa Mluo, na hati ya ndoa haimwondolei kabila. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga tarehe 23. Wanaosema kesi ile ilihusu kaburi tu wamekosea, kwa maoni yangu. Ilihusu kama cheti cha ndoa kinaweza kumtenga mtu na watu wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Hata hivyo mabishano ya mazishi bado yanafika mahakamani.

Twende kwa dini. Hapa nitawaomba Wakristo wavumilie, maana hata wao hawasemi jambo moja.

Kwa Mkatoliki, ndoa ya wawili waliobatizwa ni sakramenti, na katika Kanisa la Kilatini wanaoitoa ni maharusi wenyewe, mmoja kwa mwenzake. Padri anaipokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Ulazima wa kuwepo padri na mashahidi wawili uliwekwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, kwa sababu ndoa za siri zilikuwa zimeleta balaa Ulaya: mtu anaoa kichochoroni, kesho anakana. Kwa kuwa ni sakramenti, haivunjwi. Baraza la ndoa la jimbo linaweza kutamka kwamba tangu mwanzo haikuwepo, kwa mfano mmoja alilazimishwa, na huko si kutaliki. Basi Mkatoliki aliyepata talaka katika mahakama ya Milimani bado ni mume wa mtu kanisani, na aliyepata tamko la kanisa bila amri ya mahakama bado ni mume wa mtu kwa serikali. Lazima apitie milango yote miwili.

Waprotestanti wengi hawaihesabu ndoa kuwa sakramenti. Luther, aliyeanzisha mageuzi yao, aliiita jambo la kidunia, lenye baraka ya Mungu lakini lililo chini ya watawala. Kwao ni agano, na agano linaweza kuvunjwa na mmoja, ndiyo maana makanisa yao mengi huruhusu talaka kwa sababu maalumu. Kuhusu mitala, Waanglikana walibishana karne nzima. Mwaka 1988 mkutano wa maaskofu wa Lambeth uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wakeze na watoto, akiahidi kutoongeza mwingine, na asilazimishwe kuwaacha wale alionao kwa sababu ya madhara ambayo wangeyapata. Zamani mishenari walikuwa wakimwambia achague mmoja, na hao waliofukuzwa hakuna aliyewauliza watakula wapi.

Jambo moja la kiutendaji kabla sijaondoka kanisani. Mhubiri anayefungisha ndoa lazima awe na leseni ya serikali. Makanisa ya mitaani ni mengi, na si kila mchungaji anayo. Ombeni kuiona kabla hamjachapisha kadi.

Kwa Waislamu, nikahi ni mkataba, na haioni haya kuitwa hivyo. Nguzo zake zinajulikana: mume, mke, walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Hata hapa pana tofauti ndani ya nyumba. Shafii, wanaofuatwa na wengi wa asili ya pwani, wanasema bila walii hakuna nikahi. Hanafi, madhehebu ya Wasunni wengi wa asili ya Bara Hindi, wanaruhusu mwanamke mtu mzima kujiozesha. Mvulana wa Eastleigh na msichana wa Parklands wanaweza kutofautiana hapo bila yeyote kuwa mkosaji, kwa hiyo sheikh aulizwe mapema.

Angalieni mahari inakwenda wapi. Katika mila inawafikia wazazi na ukoo. Katika Uislamu ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Sehemu iliyoahirishwa ni deni juu ya mume, na akifa hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika "mahari iliyokubaliwa" bila kiasi. Andikeni shilingi ngapi, zimelipwa ngapi, zimebaki ngapi. Mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu huenda kwa Kadhi kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali mahakama hiyo. Na penye mgongano kati ya Sheria ya Ndoa na sharia ya Kiislamu, Sheria ya Ndoa yenyewe inasema haimfungi Mwislamu.

Ndugu zetu Wahindu wana hatua saba mbele ya moto mtakatifu, na katika sheria ya zamani ya hapa Kenya ndoa ilikamilika hatua ya saba ilipopigwa. Laiti sote tungekuwa na saa iliyo wazi hivyo.

Sasa serikali. Kwake ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wote wametimiza miaka 18, na umesajiliwa. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu inachukuliwa kuwa ya mitala au inayoweza kuwa ya mitala, hata kama mume ana mke mmoja tu. Hapa, akina mama, msikilize. Machi 2014, wabunge wanaume waliondoa kipengele kilichotaka mke wa kwanza akubali kabla mume hajaongeza mwingine, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Sheria ikatiwa sahihi mwezi uliofuata bila kipengele hicho. Mwanamke aliyeolewa kimila anayetaka kuwa peke yake ana njia moja: yeye na mumewe wabadili ndoa yao. Kifungu cha 8 kinaruhusu, kama mume ana mke mmoja tu, wote wawili watamke kwa hiari mbele ya afisa wa ndoa, iandikwe, watie sahihi. Ahadi ya kitandani haihesabiki.

Na kinyume chake hakikubaliki. Kifungu cha 9 kinamkataza aliye katika ndoa ya mke mmoja kuoa tena kwa njia yoyote, na aliye katika ndoa ya kimila kumwoa mwanamke mwingine kanisani au kwa AG. Lakini sheria ya urithi ina mlango wa pembeni. Kifungu cha 3(5) cha Sheria ya Urithi kinamhesabu mwanamke aliyeolewa kimila kuwa mke kwa ajili ya kurithi, hata kama mume alikuwa tayari amefunga ndoa ya mke mmoja na mwingine. Ndiyo maana kwenye mazishi anatokea mama asiyejulikana na watoto wake, na mke mwenye cheti anapigwa na butwaa.

Hesabu ya kifungu cha 40 ndiyo hii. Marehemu asipoacha wosia, mali hugawanywa kwa idadi ya watoto katika kila nyumba, na kila mjane anahesabiwa kama kichwa kimoja cha ziada. Nyumba ya kwanza ina mama na mtoto mmoja, vichwa viwili. Ya pili ina mama na watoto wanne, vichwa vitano. Jumla saba. Mke wa kwanza aliyejenga na mumewe tangu mwanzo, pamoja na mtoto wake, wanaondoka na sehemu mbili kwa saba, mama asipothibitisha kwanza kwamba sehemu fulani ya mali ni yake mwenyewe. Kwa Waislamu hesabu ni nyingine: wake wote kwa pamoja hupata thumuni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha.

Imebaki ndoa ya njoo tukae, na najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Mitaani kuna imani kwamba mkikaa pamoja miezi sita, tayari mmeoana. Hakuna sheria Kenya inayotaja idadi ya miezi wala miaka. Kilichopo ni dhana ya ndoa iliyojengwa na mahakama, yaani kuwachukulia waliokaa pamoja kuwa wameoana, maarufu tangu kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe mwaka 1976. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Upeo iliibana sana. Ilisema hiyo si kawaida bali ni jambo la nadra. Anayedai lazima aonyeshe kwamba waliishi pamoja muda mrefu, kwamba kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa, kwamba walikusudia ndoa, kwamba wote waliridhia, na kwamba walijionyesha kwa watu kama mume na mke. Katika kesi hiyo wawili walikuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi, na bado mahakama ikakataa kwamba ni ndoa. Nyumba waliyokuwa wakiigombania iligawanywa kwa misingi ya mchango wa kila mmoja, asilimia 70 kwa 30, na mahakama ikaliomba Bunge litunge sheria kuhusu watu wanaoishi hivyo. Mnaolipia kodi chumba kimoja Pipeline au Kahawa West, wekeni stakabadhi. Mnaponunua kiwanja, andikeni majina yote mawili. Kuhusu watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 haiulizi kama mmeoana. Wajibu ni wa wazazi wote wawili.

Siku hiyo hiyo ya Januari mahakama ile ile ilitoa uamuzi mwingine: usawa wa kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana kwamba mali ya ndoa inakatwa nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango ndio unaopimwa. Kupika, kulea, kusimamia duka na kulima shamba vyote ni mchango katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, lakini mahakama haiwezi kuona isichoonyeshwa.

Kwa waliokwisha kufanya hatua ya kufunga kwa mila zao, mwarifuni Msajili ndani ya miezi mitatu, na mwende wote wawili kuomba cheti ndani ya miezi sita. Taarifa yenu itaje mila iliyotumika, na itiwe sahihi na mashahidi wawili watu wazima waliotekeleza kazi muhimu katika sherehe. Mshereheshaji hafai. Mzee aliyesimamia mbuzi anafaa, kwa hiyo chukueni nambari ya kitambulisho chake angali hai. Mnaokwenda kwa AG, ilani itolewe siku 21 kabla, wala isizidi miezi mitatu, na aliyewahi kutalikiana alete amri ya mahakama. Kabla hamjatoka ofisini, linganisheni majina kwenye cheti na yale ya kitambulisho, herufi kwa herufi.